Ng'ombe Mwenye Mfereji

Kitengela,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Yeyo,

Nakuinamishia kichwa hata kama ni kwa karatasi, kama mke wa mwanao anavyopaswa, nawe uniguse ukiwa hukohuko. Habari ya nyumbani? Habari ya mgongo, na ya masikio? Shemeji Meitamei ameniambia sikio la kulia sasa limefunga duka kabisa, na la kushoto linachagua wateja. Nilicheka, halafu nikahuzunika. Ndiyo maana sipigi simu siku hizi. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Afadhali niandike, na shemeji akishaleta maziwa asubuhi arudi na barua pamoja na mitungi mitupu.

Sisi ni wazima. Nasieku ameingia gredi ya pili, meno mawili ya mbele yameng'oka na anaonyesha pengo kwa kila anayepita. Anakusalimu. Anauliza kama yule kondoo uliyenipa siku ya harusi bado yuko, yule aliyefanya mimi na wewe tuitane Paker. Nimemwambia kondoo huyo ni nyanya sasa, ana wajukuu kama wewe. Akauliza kama naye hasikii.

Mimi nimechoka, Yeyo. Sijui niliseme vipi ili lisisikike kama malalamiko. Jumatatu mpaka Ijumaa niko kwa duka la dawa, nimesimama. Jumamosi, siku ya watu kufua na kulala, napanda kile chumba cha juu ya duka la hardware, nafuta vumbi la barabara ya Namanga kwenye meza, napanga tableti za kuchorea na kungoja watu waje wachore. Asubuhi ni watoto, mchana ni watu wazima. Michezo ni ileile unayoijua, ulisimuliwa na mwenyewe aliyeianzisha. Mchore jirani yako bila kuangalia skrini. Chora kichwa, ufiche, mwenzako achore tumbo, wa tatu achore miguu. Watoto wanacheka mpaka mmoja anajikojolea, nami natafuta mopu.

Watu wazima ndio wagumu. Wanashika ile kalamu kana kwamba itawauma. Kuna Mzee Kitheka, aliyekuwa dereva wa matrela ya Namanga kabla hajastaafu, hachori kitu kingine ila trela. Nilimwambia achore mnyama asiyekuwepo duniani, akachora trela lenye masikio. Nikamwambia tena, akaliongezea mkia.

Baba yake Nasieku alikuwa akiingia chumbani mle, kabla hajafungua mdomo watu wameshaanza kucheka. Mimi nasema maneno yake yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kicheko kinakuja kimechelewa au hakiji. Nimebeba kitu chake miaka miwili sasa tangu atuache, na mikono imekufa ganzi.

Kwa hivyo nikuambie mapema usije ukasikia kwa watu. Kaka yangu Njogu ameniita shambani kwake, Entarara. Ana vitunguu na nyanya, mtaro wa maji haukauki, na mama yangu yuko peke yake kwenye nyumba kubwa. Nafikiria muhula ukiisha mwezi wa nne nifunge chumba, niuze au nigawe tableti, nihame na Nasieku. Najua maana yake kwako. Sasa hivi tunakuja kila mwezi. Kutoka Entarara hatutaweza.

Kina mama wa kanisa lenu wamenitumia ujumbe, wanataka siku moja ya kuchora mwezi wa pili. Nitakuja. Pengine itakuwa ya mwisho huko, basi na iwe nzuri.

Ni mimi Paker wako,
Wamaitha


Kajiado,
27 Januari 2025

Kwa Paker wangu Wamaitha,

Takwenya. Sijakusikia ukijibu salamu, lakini hata ukiwa jikoni kwangu sikusikii, kwa hivyo nahesabu kwamba umejibu. Mimi niko. Mgongo uko. Jua ni kali, ng'ombe wamepelekwa mbali, na huku tumebaki wazee, kondoo na mbuzi wachache, na upepo. Kondoo wako amezaa tena, jike. Mwambie mjukuu wangu kwamba nyanya kondoo anasikia vizuri sana, ni kutii tu ndiko hakumo.

Habari ya Entarara nimeisoma. Nikaiweka chini ya biblia, nikaitoa, nikaisoma tena. Nilifundisha chekechea mpaka nikastaafu, na kitu kimoja nilichojua kufanya vizuri ni kutambua mtoto aliyechoka. Mtoto aliyechoka hachapwi wala haimbishwi. Analazwa. Kwa hivyo sitakuambia usiende. Nyumba ya mama yako ni nyumba yako, na mume hayuko wa kukushikilia huku. Lakini pia sitakuambia kwamba nimefurahi, maana nitakuwa nimedanganya kwa maandishi, na nina mwandiko mzuri.

Nasieku ndiye aliyebaki wa kuniletea uso wa baba yake mlangoni. Hilo nimelisema mara moja, sitalirudia.

Sasa tuongee mambo ya warsha. Kina mama wamepata wazimu. Ruth wa kwaya ameniuliza kama lazima mtu awe amesoma ndio achore kwa kompyuta, nikamwambia vidole anavyo, inatosha. Mwingine anauliza kama ile tableti inapiga picha ya ndani ya mwili. Mzee mkubwa wa boma, kaka ya marehemu mume wangu, amesema wanawake wazima kucheza kama watoto ni aibu, na kwamba atakuja kusimama mlangoni aone aibu hiyo mwenyewe.

Mimi sijawahi kuchora isipokuwa kikombe na kuku, ubaoni, na huyo kuku watoto walisema ni birika. Nitakaa nyuma. Usiniite mbele.

Uje Ijumaa ulale hapa. Nimesema ulale, sikusema uoshe vyombo.

Ni mimi,
Yeyo


Kitengela,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Kwa Yeyo,

Nakuinamishia kichwa, na safari hii sijui kama utakigusa. Natumaini uliamka salama jana na leo. Sisi tulifika Kitengela jioni ileile. Nasieku alilala njia nzima.

Najua ulikuwepo na huhitaji kusimuliwa. Lakini acha nieleze nilivyoliona mimi, maana sikupata nafasi ya kulieleza kwa mdomo.

Ilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilikupa wewe tableti ya baba yake Nasieku, kwa sababu ndiyo yenye skrini kubwa na nilifikiria macho yako. Hilo ndilo kosa la kwanza, ila wakati huo lilikuwa upendo tu. Nikasema kila mtu achore mnyama asiyekuwepo duniani, na aeleze anakula nini na anasaidia nini. Wewe uliyesema utakaa nyuma ukachora ng'ombe mwenye mfereji mahali pa chuchu. Ukasimama bila kuitwa, ukaeleza kwamba mwanamke ataamka saa anayotaka, atafungua, atajaza, atafunga, na ndama naye atapewa kikombe. Ruth alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hata mzee mkubwa pale mlangoni niliona ameshika mdomo. Nami nilicheka, Yeyo. Nilicheka nikasahau kwamba nimechoka.

Kisha tukafika mwisho. Unajua tunavyomaliza, ni yeye aliyeweka utaratibu huo. Michoro inarushwa ukutani kwa projekta, mmoja mmoja, nami nashika maikrofoni nasoma jina la mchoraji lililoandikwa chini yake, watu wanapiga makofi. Alikuwa akisema mtu mzima hajasomewa jina lake na kupigiwa makofi tangu shule ya msingi, na kwamba wengine hawajawahi kabisa. Ndiyo maana kabla ya kuanza huwa naandika jina la kila mtu kwenye tableti yake. Yako sikuandika. Stima ya kanisa ilipotea, ikarudi, nikakimbilia waya, nikasahau. Tableti ikaweka jina ililokuwa nalo tangu zamani, la mwenye tableti.

Na mimi nilikuwa nimefika pale ambapo mtu anasoma bila kusoma. Mchoro wa Ruth, jina, makofi. Wa mke wa mchungaji, jina, makofi. Ng'ombe mwenye mfereji, amechorwa na. Nikalisema. Jina lake lote na la baba yake, kwa maikrofoni, kwenye spika za kanisa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuona ukisimama, ukachukua shuka yako, ukatoka. Mzee mkubwa akakupisha mlangoni, kisha akanitazama mimi. Nilipofika nyumbani mlango wako ulikuwa umefungwa. Meitamei akaniambia, "Enda tu, Wamaitha. Hii maneno tutaongea siku ingine."

Siku ya mazishi shangazi yenu alinishika mkono akaniambia, "Kuanzia leo hilo jina tumelizika na yeye. Usiliseme mbele ya mama yake, hata ukiwa unaomba." Kwetu Wakikuyu ni kinyume. Aliyekwenda anapewa mtoto jina lake, na linaitwa kutwa nzima mpaka mtoto anakataa kuitika. Kwa hivyo ilikuwa kazi kwangu. Lakini katazo hilo nililishika. Miaka miwili nimekula kwako, nimelala kwako, nimelia kwako, na ulimi haukuteleza hata mara moja. Halafu nikaja kulisema mbele ya kanisa zima, na wewe umetoka tu kucheka.

Nisamehe. Sina neno lingine.

Wamaitha


Kitengela,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Yeyo,

Salamu nyingi. Naandika tena ingawa hujanijibu, maana kunyamaza sote wawili ni kubaya zaidi. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko? Huku imenyesha siku mbili, barabara zetu za ndani sasa ni uji, na watoto wanafika warshani na viatu mkononi.

Meitamei analeta maziwa kama kawaida. Kila akishusha mtungi naangalia mfuko wake wa shati. Jana nikamuuliza waziwazi, "Yeyo anasema nini?" Akasema, "Hasemi kitu. Amekaa tu hapo nje, anaangalia barabara. Ukimwongelesha anakwambia ngoja." Nikamuuliza kama umekasirika. Akafunga mfuniko wa mtungi, akasema, "Mimi sijui mambo ya wamama." Nikamuuliza wazee wanasema nini. Hapo akawasha pikipiki.

Nimefanya jambo moja ambalo nadhani lingekufaa. Nimefuta jina kwenye ile tableti. Sasa inaitwa Namba Tano, kwa kuwa ni ya tano kwenye sanduku. Kwa hivyo haitatokea tena, kwako wala kwa mtu mwingine. Lilichukua muda mfupi, kazi ya kidole kimoja. Nasieku alikuwa akiangalia. Akaniuliza kwa nini Baba sasa ni namba. Nikamwambia aende akacheze.

Mchoro wako sikuufuta. Ng'ombe yuko salama na mfereji wake, na chini nimeandika jina lako.

Warsha inaenda kwa sababu watu wanakuja, si kwa sababu nawaita. Jumamosi iliyopita sikuongoza chochote. Nilikaa kwenye kiti nikawaambia wachore wanachotaka. Nilidhani watachukia. Watoto walichorana midomo, wakasukumana, wakafurahi. Mchana Mzee Kitheka akaniletea tableti yake, akasema, "Madam, leo nimekuchora wewe." Nikaangalia. Ni trela. Akaona sura yangu, akaeleza, "Angalia vizuri. Hii imeegeshwa tu. Haijaharibika." Nilikwenda nyuma ya kabati nikalia, nikarudi nikamwambia magurudumu ni mazuri.

Naomba hata mstari mmoja, Yeyo. Hata wa kunitukana. Mwandiko wako ni mzuri, utatukana vizuri.

Wamaitha


Kitengela,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Yeyo,

Salamu. Shule zimefungwa. Nasieku amepata ripoti nzuri, ila mwalimu amesema anaongea sana. Hilo si langu, unajua ni la nani.

Njogu atatuma lori Jumatatu ya Pasaka. Nimeshaaga pale dukani. Chumba cha juu ya hardware narudisha funguo wiki hiyohiyo, na tableti zitakwenda kwa shule moja ya Kisaju ambayo mwalimu wake aliwahi kuja warshani na binti yake.

Nilidhani naondoka kwa sababu nimechoka. Sasa naona pia naondoka kwa sababu sina tena nyumba ya kwenda huko kwenu. Mtu anaweza kuvumilia uchovu kama kuna mlango mmoja anaoweza kuingia bila kubisha hodi. Wangu ulikuwa wako.

Ijumaa Kuu nitamleta Nasieku akuage. Ukitaka nisiingie, nitabaki barabarani na Meitamei atamfikisha ndani.

Wamaitha


Kajiado,
9 Aprili 2025

Kwa Paker wangu Wamaitha,

Takwenya. Nimekuandikia jina lako la kondoo, na wewe barua tatu hukulitumia. Niliona. Usiliache tena jina hilo, sikukupa kondoo yule kwa mkopo.

Mimi ni mzima wa mwili. Mvua imefika, nyasi zimeota, ng'ombe wanarudi. Nimekosa kwa kunyamaza, lakini unisikilize kwanza, maana nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naitia motoni, inachemsha chai.

Wazee wamesema sana. Mzee mkubwa alitaka kondoo achinjwe ili jambo lisafishwe. Nikamwambia kondoo aliyenona hapa ni mmoja tu, ni wa Wamaitha, na huyo hachinjwi kwa kosa la Wamaitha wala la mtu mwingine. Wakaja tena, wakasema. Nikageuza sikio la kulia. Sasa wamechoka.

Wote walingoja nikasirike. Na wewe ulingoja nikasirike. Nami nikashindwa kuandika kwamba nimekasirika, kwa kuwa si kweli, na nikaona aibu kuandika ukweli. Mama wa kanisa, mzee kama mimi, niliyelelewa na watu walionifundisha jambo hili kabla sijaota meno. Lakini umesema unahama, na aibu yangu haiwezi kumlea Nasieku Entarara. Kwa hivyo naandika.

Nilisikia, Wamaitha.

Mahubiri sisikii tena. Kwaya naona midomo tu. Wewe ulipokuwa ukisoma majina nilikuwa nikipiga makofi kwa kuangalia wenzangu. Halafu likaja hilo, kutoka kwenye spika iliyokuwa upande wangu wa kushoto, likaingia lote. Jina la mwanangu. Tangu tumzike hakuna aliyelisema karibu nami. Nilimfundisha mimi mwenyewe kuliandika, mezani hapa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiliona tu kichwani kwa maandishi, kwa chaki. Sauti yake nilikuwa nimeipoteza. Niliitafuta, nikawa sijui tena linaanza vipi mtu akilisema kwa mdomo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba siku hili sikio la kushoto nalo likifunga, nitakaa miaka iliyobaki bila kulisikia, na hakuna atakayejua kwamba hilo ndilo linaloniuma.

Nilitoka nje haraka ili kelele nyingine isije ikaifunika sauti hiyo. Ndiyo sababu. Nilifunga mlango kwa sababu hiyohiyo. Meitamei alipogonga kuleta chai nilitaka kumpiga na kijiti.

Sasa nimekuwa nikikaa nje nikifikiria, na wao wanadhani naomboleza. Mimi siwezi kulitaja. Nimejaribu zizini, na ng'ombe tu, mdomo ukakataa. Meitamei hatalitaja, ni kaka yake. Wazee hawatalitaja. Ruth ni rafiki yangu, lakini atakimbia. Ni wewe tu unayeweza. Miaka yote hii umejiona mgeni kwetu na ukajichosha ili usionekane mgeni, na mimi leo nakuomba kwa sababu ya ugeni wako huohuo.

Lakini tuna shida. Ukininong'oneza, sisikii. Ukilipaza hapa nyumbani, boma lote litasikia, na itajulikana kwamba nimekuomba mimi. Hapo itakuwa kesi kubwa. Nimelifikiria kwa siku nyingi na nimeona njia moja tu.

Njoo ufanye warsha nyingine kanisani. Nimeshamwambia mke wa mchungaji kwamba kina mama wanataka, naye amekubali haraka, nadhani anataka kuona kutatokea nini. Nipe tableti ileile. Weka spika palepale. Uje ukiwa umechoka, hutahitaji kuigiza. Nami nitachora kitu. Halafu mwisho, ukisoma majina, ukosee tena.

Watasema huyu Mkikuyu hajifunzi. Mimi nitasimama, nitachukua shuka yangu, nitatoka nimenuna. Usinifuate.

Ukishafanya hivyo uende Entarara ukitaka, na kondoo wako na mwanawe umchukue. Sitakushika nguo. Ila ujue huko utakuwa ukilisema mahali nisipolisikia.

Mlango wangu hauna kufuli. Ulikuwa umefungwa kwa upepo.

Ni mimi,
Yeyo


Kitengela,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Kwa Yeyo,

Iko. Nimeitikia Takwenya yako kwa sauti, hapa mezani, na Nasieku ameniuliza naongea na nani.

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya kaunta, kati ya dawa za kikohozi, nikalia mbele ya mteja. Mama wa watu akadhani nimemsomea vibaya karatasi ya daktari. Nilikuwa namaliza wiki yangu ya mwisho. Jioni nikamuuliza mwenye duka kama ameshapata mtu wa kushika nafasi yangu. Akasema bado, na kama ninataka kurudi nisimzungushe tena. Nikasema sitamzungusha.

Njogu nimempigia. Nimemwambia lori libebe vitunguu safari hii. Hakufurahi, na mama yangu hakufurahi zaidi, na wana haki. Sijawaambia sitakwenda kamwe, wala wewe sijakuahidi kwamba nabaki milele. Nimewaambia kuna kazi Kajiado ambayo haijaisha. Njogu akauliza ni kazi gani. Nikasema ni ya kuchora.

Nikueleze ukweli, kwamba uchovu haukuondoka kwa barua moja. Leo nimeamka nao, na Jumamosi nitapanda tena ngazi za hardware nikiwa nao. Lakini nilipokuwa nafuta vumbi mezani nilijikuta nalisema jina lake kimyakimya, najaribu lilivyo mdomoni. Nami pia nilikuwa sijalisema kabla ya siku ile ya kanisani. Nilidhani naliacha kwa ajili yako, kumbe nilikuwa nimelipoteza polepole kama wewe, na tungeishi hivyo mpaka mwisho, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Kuna jambo ambalo huenda litakuumiza. Nilikwambia nilifuta jina kwenye tableti. Ningeweza kuliandika tena, lakini wazee wakiliona limeandikwa watajua limepangwa. Kwa hivyo ukutani patasomeka Namba Tano tu, kila mtu aone kwamba nilijaribu kujirekebisha. Halafu mimi mwenyewe, bila kusoma mahali popote, nitakosea. Nitalisema lote, na la baba yake, polepole kuliko mara ya kwanza. Hapa silitaji, kwa kuwa barua hii itapita mikononi mwa Meitamei.

Tutafanya Jumamosi ya tarehe 26, Pasaka ikishapita. Nimekubaliana na mke wa mchungaji. Mzee Kitheka ameomba kuja nasi, anasema hajasafiri kwa barabara ya Namanga tangu astaafu, na ameahidi kuchora ng'ombe. Nitaamini nikiona.

Nitaleta maikrofoni nzuri. Kaa mbele, chini ya spika, na sikio la kushoto. Usisahau shuka.

Nasieku atakaa kando yako. Nimemwambia nikimaliza kusema, asiangalie mtu yeyote, apige makofi. Ni mtoto, hakuna atakayemlaumu.

Ni mimi Paker wako,
Wamaitha